Nyota Uliyoiita Mkorofi

Mama,

Shikamoo.

Nimeiandika salamu hiyo, kisha nikakaa na kalamu juu kama mtu anayesubiri kitu. Nimegundua kwamba ukimwamkia mama yako na marahaba isije, unabaki kama mgeni aliyebisha hodi kwa watu wasiomjua. Basi nitaendelea hivyo hivyo, bila kuitikiwa.

Nakuandikia nikiwa sebuleni, kwenye kiti chako cha dirishani. Upepo wa Agosti umeanza kazi yake. Nafuta meza, na kabla sijafika kona ya mwisho, kona ya kwanza imeshakuwa nyekundu tena kwa vumbi. Nzuguni ni ile ile, isipokuwa kiwanja cha nyuma kimepata mwenyewe na mafundi wanagonga mabati tangu asubuhi. Baba yuko kazini. Ni mzima. Yaani anakula nikimwekea, na nisipomwekea hakumbuki.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jana alikuja binti mmoja kuiomba nyota yako. Alipoondoka, nikawaza kwamba wewe hujaambiwa kitu. Watu wanakuombea, wanakutaja, wanakusifia kwenye vikao, lakini hakuna hata mmoja aliyekupa habari za mambo yako yalivyokwenda. Nitakupa mimi. Nitaanzia nyuma, hata kwenye yale uliyokuwepo, maana nikianzia mbele sitaweza.

Unakumbuka siku uliyotutangazia kwamba unarudi chuo? Tulikuwa tunakula ugali na mlenda. Ulikuwa umefundisha fizikia sekondari muda mrefu hadi baadhi ya walimu wenzako wakawa watoto uliowafundisha mwenyewe. Baba akadhani unakwenda kusomea uongozi wa elimu, maana huko ndiko walimu wanakokwenda wakitaka kupanda daraja. Ukasema hapana, nakwenda kusomea gesi iliyo kati ya nyota.

Baba akarudisha tonge kwenye sahani. "Kwani kati ya nyota kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua," ukamjibu, ukaendelea kula.

Majirani walicheka. Mama Jesca wa nyumba ya pili alisema mwenzetu amekimbia vumbi la Dodoma, anakwenda kutafuta la mbinguni. Hukukasirika. Ulisema hajakosea sana.

Mimi ndiye niliyechapa tasnifu yako yote, pale pale kwenye stesheneri yangu, kati ya mteja wa kurudufu cheti cha kuzaliwa na mteja wa picha za pasipoti. Sikuwa naelewa. Nilisoma masomo ya sanaa, na fizikia niliiacha kidato cha pili huku ukiniangalia kwa huruma. Lakini ile siku ya Idi ulinieleza, na kwa dakika chache nilielewa kweli. Bibi alikuwa ametuletea nyama ya kondoo kutoka Kondoa. Tulikuwa tumeshiba, mabakuli yako mezani, mchuzi unapoa.

Ulisema mwanga wa nyota ya mbali hauji kwetu moja kwa moja. Njiani unapita katika gesi, nyembamba kuliko pumzi, na kila elementi iliyomo kwenye gesi hiyo inamega rangi zake yenyewe. Ukiutandaza mwanga ule, utaona pengo hapa na pengo pale, na kila pengo lina mwenyewe. Ya chuma yanajulikana, ya zinki yanajulikana. Pengo likiwa kubwa, kitu ni kingi; likiwa dogo, ni kidogo.

"Sasa tukipima," ukasema, "tunakuta chuma ni kidogo mno. Ukilinganisha na kilichomo kwenye jua letu, karibu chote hakipo. Kalisi hivyo hivyo. Titani ndiyo usiseme."

Baba, mkaguzi wa ndani wa wizara, akakaa sawa. "Hiyo ni hati yenye mashaka," akasema. "Nani alikuwa na ufunguo wa stoo?"

Ulicheka hadi ukafuta machozi na ncha ya mtandio. Kisha ukasogeza bakuli la mchuzi karibu yangu. "Mwana, angalia. Mchuzi unapopoa, nini kinaganda kwanza?"

"Mafuta."

"Yametoka kwenye bakuli?"

"Hayajatoka."

"Ila ukichovya mkate kwenye maji ya mchuzi, hutayaonja. Basi ndivyo ilivyo. Nyota inapozeeka inapuliza gesi yake nje, gesi inapoa, na wa kwanza kuganda ni chuma na wenzake. Wanakuwa chembe za vumbi, ndogo kuliko moshi. Mwanga unapopita unasoma gesi tu, wale walioganda hauwataji. Ndiyo maana tunasema wamepungua."

Nikakuuliza kama kuna asiyeganda. Ukasema wapo, na mmojawao ni zinki. Zinki haipendi kuganda, inabaki kwenye gesi karibu yote, ndiyo maana watu wa fani yako wanaitumia kama kipimo cha kupimia wengine. Ulikuwa unaiongelea kama mtu anayemsifia mtoto mmoja darasani ambaye hajawahi kuchelewa.

Na nyota zako zote zilikuwa hivyo, isipokuwa ile moja. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu, na wewe ukaipa jina lako, Mkorofi. Katika njia ya mwanga wa Mkorofi hata zinki ilikuwa pungufu. Ulirudia hesabu wiki nzima. Ulikwenda chuo kupakua upya yale mapicha yaliyopigwa na darubini za angani, ukarudi umekunja uso. Dokta Mwasaga, msimamizi wako, alikushauri uiondoe nyota ile, maana zilizobaki zilikuwa zinatosha. Nilikuwepo kwenye ile simu, nilikuwa napika chai. Ulimwambia, "Dokta, siwezi kuitoa kwa sababu tu inanisumbua." Kwa hiyo ikabaki kwenye jedwali, na mimi nikaichapa.

Kisha macho yako yakaanza kuwa ya manjano.

Sitaki kuirudia hospitali yote, Mama. Ulikuwepo. Lakini kuna mambo hukuyaona kwa sababu yalikuwa upande wangu wa kitanda. Daktari alipotuita mimi na Baba kwenye korido akasema ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwenda mbali, Baba alimshukuru. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema asante sana daktari, kama mtu aliyepewa kitu. Mimi nilisimama pale nikawa nasoma bango la kunawa mikono. Nililisoma lote, nikarudia.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Wewe ulinilea kwa kufanya. Tumbo likiuma ulikuwa na majani, nguo ikichanika ulikuwa na sindano. Sasa nilikuwa nageuza mto. Nakuuliza kama unataka maji, nawe unasema hapana. Nafua soksi zako zisizochafuka. Nilikuwa natamani muuguzi anitume dukani, popote, nitoke, niende, nirudi na kitu fulani mkononi.

Dokta Mwasaga alikuja na ile ripoti ya mtahini akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, anatabasamu toka mlangoni. "Mwalimu, umepita. Kuna marekebisho tu." Ukaniambia nisome. Nikasoma kile Kiingereza, ukawa unaitikia kwa kidole. Jedwali hili lina kosa, marejeo yale yapangwe. Halafu nikafika kwenye Mkorofi. Mtahini aliandika kwamba zinki ya nyota ile ni ndogo kupita inavyoweza kuaminika, mwandishi aeleze kwa nini, au aitoe.

Ulifumba macho. Dokta akasema tusikuchoshe, akaenda.

Siku chache mbele, baada ya adhuhuri, nilikuwa nakupaka mafuta miguuni. Baba alikuwa ametoka kwenda kuswali. Ukafumbua macho, ukaniita kwa sauti yako ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma.

"Mwana. Ile zinki nimeijua."

Nikaruka. "Niambie, Mama, niandike."

"Ngoja nipumzike kidogo. Kitu chepesi kabisa, hata najicheka."

Na kweli ulikuwa unatabasamu. Nilitoa kalamu, nikageuza bahasha ya dawa, nikakaa na goti langu likiwa meza. Ulilala. Nilikuwa nasikiliza pumzi zako na niliona raha, nakwambia kweli, kwa mara ya kwanza tangu tuingie pale. Kulikuwa na kitu cha kungojea.

Ulipoamka uliniita kwa jina la dada yako. Nikakwambia mimi Mwanaidi. Nikakuuliza zinki. Ukaniambia nikamfunge mbuzi, anakula mtama wa watu. Nikakuuliza tena, taratibu. Ukaniangalia kwa wasiwasi, ukasema, "Mbuzi, dada, mbuzi." Nikakwambia nimeshamfunga. Ndipo ukatulia.

Hukurudi tena huku kwetu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Baba alikuinamia sikioni, akawa anakusomea shahada, pole pole, anarudia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wako wa upande wa dirisha. Midomo yako ilitikisika. Mama, nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, na sijui. Sijui kama ulikuwa unamfuatisha Baba au ulikuwa na kiu. Niliangalia kwa macho yangu yote na sikujua.

Tulikupeleka Kondoa kesho yake. Nyumba ya Bibi ilijaa hadi chini kwenye korongo. Bibi hakuwa amelala wala kula, alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, na kila anayeingia anamwangalia miguu, si uso. Tuliporudi kutoka makaburini wanaume waliingia kumpa pole. Akamwita Baba akae. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kutafutia maneno, "Mkwe wangu. Mwanangu alitamka?"

Baba aliniangalia. Sikuweza hata kupepesa jicho.

"Alitamka, Mama," akasema. "Vizuri kabisa. Sote tulisikia."

Bibi akasema alhamdulillahi, akalala pale pale kwenye mkeka, akapitiwa na usingizi mbele ya watu wote. Wakamfunika kanga. Mimi nikatoka nje. Huko nje, chini ya turubai, wanawake walikuwa wanahadithiana kwamba ulituaga mmoja mmoja kwa jina, na kwamba ulitabasamu ukasema unamwona babu. Kuna aliyesema uliacha wosia tupendane. Walikuwa wanalia kwa kweli, hawakuwa na nia mbaya. Mmoja akanigeukia, "Si ndiyo, Mwana? Si wewe ulikuwepo?" Nikasema nakwenda kuangalia maji jikoni.

Ningewaambia nini? Kwamba neno la mwisho ulilolisema ukiwa wewe mwenyewe lilikuwa zinki?

Baada ya arobaini nilikwenda chuo kwa Dokta Mwasaga. Baba alinituma. Alikuwa amesikia kwamba marehemu anaweza kupewa shahada yake kama kazi imekamilika, na tangu asikie hilo alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Dokta alikuwa mwema, Mama. Alinipa kiti akakaa na yeye upande wangu wa meza. Marekebisho yale madogo alikuwa ameshayafanya yote mwenyewe. Ilikuwa imebaki Mkorofi.

Nikamwambia ulivyosema. Alivua miwani. Akaniuliza mara mbili maneno yako yenyewe, neno kwa neno, na nikamrudia: kitu chepesi kabisa, hata najicheka. Tukafungua kompyuta yako, tukapekua kila faili la miezi ile ya mwisho. Kulikuwa na mitihani ya kidato cha tatu na risala ya mahafali. Basi.

Akajaribu mbele yangu. Alichora kwenye karatasi, akinieleza kama vile mimi ni mwenzake, na nilimshukuru kwa hilo ingawa nilipotea mapema. Alisema huenda haidrojeni ya njia ile ilihesabiwa kupita kiasi, hivyo kila kitu kikaonekana pungufu mbele yake. Huenda pengo la zinki lilikuwa limeshiba mno hadi haliwezi kupimwa sawasawa. Au huenda kweli pale kuna wingu zito, zito hata zinki ikaganda, na hapo ingekuwa habari kubwa.

"Ipi kati ya hizo?" nikamuuliza.

"Mbili za kwanza ni nyepesi, mtu angeweza kujicheka. Ya tatu si nyepesi." Akaiweka kalamu chini. "Lakini Mwalimu alikuwa anacheka hata kwenye mambo magumu."

Nikamwomba aandike mojawapo. Akatikisa kichwa. Alisema mtahini angeridhika, lakini yangekuwa maneno yake kwenye kinywa cha mama yangu, na yeye alikuwa anamheshimu sana mama yangu. Kilichobaki ni kuitoa nyota. Mstari mmoja kwenye jedwali, nukta moja kwenye mchoro, aya mbili. Hapo kazi inakuwa safi na jina lako linasomwa siku ya mahafali. Alisema, "Mimi siwezi kuamua hilo peke yangu. Kaongeeni kama familia."

Nilimweleza Baba jioni hiyo. Hakuchukua hata muda wa kufikiri. "Itolewe."

"Mama alikataa kuitoa."

"Alikataa akiwa hai. Alikuwa na muda."

"Baba, hii ndiyo aliyokuwa anaipenda kuliko zote."

"Mwanaidi." Hakupandisha sauti. "Mama yako aliamka saa kumi alfajiri mwaka baada ya mwaka, anasoma, anakwenda kufundisha, anarudi, anapika, anasoma. Nilimwona mimi. Unataka ayapoteze yote hayo kwa ajili ya nyota moja? Mama yako hayupo. Tuliopo ni mimi na wewe, na mimi nataka nimsikie akiitwa."

Nilikuwa na maneno mengi. Lakini nilimwangalia, shati limemlegea shingoni, na kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kumwondolea kitu cha mwisho alichonacho. Nami sikuwa na kingine cha kumpa badala yake. Sikubisha, nikainuka kumpakulia. Kesho yake alimpigia Dokta simu mwenyewe.

Dokta alinitumia lile faili nichape marekebisho na kupanga kurasa, kwa kuwa mimi ndiye niliyelipanga tangu mwanzo. Wateja walikuwa wamejaa. Nikaushika ule mstari kwa kipanya, ukageuka bluu, nikabonyeza. Mistari ya chini ilipanda juu, ikaziba. Hakukuonekana kwamba palikuwa na kitu. Kijana mmoja akasema, "Dada, mimi nina haraka, naomba nakala mbili," nikamtolea nakala mbili.

Sasa habari ya mahafali. Wenzako wa shuleni walikuja wote, wamevaa sare ya kitenge waliyoishona kwa ajili yako. Msomaji alifika kwenye jina lako, Hadija, akasema marehemu. Baba akatembea hadi jukwaani peke yake na suti yake ya harusi ya mjomba. Walimu wakapiga vigelegele, hasa yule mwenzako anayefundisha kemia, hakutaka kunyamaza. Baba alipokea cheti, akasimama, akasahau kuteremka. Ilibidi mtu amshike kiwiko. Nimewahi kumwona Baba akilia msibani, lakini kilio cha pale kilikuwa kingine, kilikuwa na fahari ndani yake, na nikasema moyoni, basi, huenda yeye ndiye aliyeona sawa.

Cheti tumekitundika juu ya televisheni. Jioni ya siku ile, wageni walipokwisha, Baba aliichukua ile tasnifu iliyojalidiwa, akaipekua kwa kidole alichokilowesha mate, kama anavyopekua mafaili ya ofisini. Akafika kwenye jedwali.

"Ilikuwa inakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Kati ya mstari huu na huu.

Akaweka kidole pale, akakiacha muda mrefu. "Mama yako atanikasirikia," akasema.

Nilitaka kumwambia hapana, hawezi kukukasirikia. Watu wote wangesema hivyo. Lakini sikujua, Mama. Ulikuwa na hasira zako, na za haki zilikuwa ndefu. Nikamshika bega tu. Mwishowe akaifunga tasnifu akaenda kulala na suti.

Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi.

Jana ndipo alipokuja huyo binti. Anaitwa Pendo, kwao Singida, ni mwanafunzi mpya wa Dokta Mwasaga. Mwembamba, mwenye haya, amebeba zabibu za kutuzawadia kwenye mfuko wa karatasi. Alimwamkia Baba kwa kupiga goti, akakaa ukingoni mwa kochi. Akasema Dokta amempa ile nyota iliyotolewa, aanzie hapo utafiti wake, lakini yeye ameona si adabu kuianza kabla hajaja kuomba ruhusa nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo alivyosema. Nyumbani kwake. Kama vile Mkorofi ni mtoto wetu.

Baba aliinuka. Akaniambia, "Zungumza naye wewe," akaingia ndani. Nikasikia kitanda kinalia.

Nilitaka kumkatalia, nisikufiche. Nilimwona amekaa karibu na kiti chako na moyo ukanigeuka. Huyu ataamka asubuhi, atafungua mapicha, atahesabu, atakosea, atahesabu tena, na hakuna kitu kitakachomzuia. Mwenye macho meupe kabisa. Kisha nikataka kumkubalia kwa kishindo, nimpigie magoti aifanye haraka. Vyote viwili vilipita, na mimi nikabaki nimekaa, nina zabibu mapajani.

"Hatuna mamlaka nayo," nikamwambia. "Ipo kwa kila mtu."

"Najua, dada. Lakini naomba."

"Basi chukua."

Akashukuru. Kisha akasogea kidogo. "Dokta ameniambia kwamba Mwalimu alisema kitu kabla hajaondoka. Kuhusu zinki. Ungeweza kuniambia alisemaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, hadi mbuzi. Yeye ni mtu wa pili kuyasikia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alisubiri, akidhani nimevuta pumzi tu, yanaendelea.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Dada, samahani. Hayo hayatoshi."

"Najua hayatoshi, mdogo wangu."

Akatazama chini, akaona aibu kwa kusema vile. Mimi sikukasirika. Ilikuwa ni mara ya kwanza, tangu uondoke, mtu kuniambia jambo la kweli.

Nikamsindikiza hadi barabarani. Kwenye kona alisimama akasema kwa ile imani ya vijana, "Nitaipata, dada. Nitakuja nikuambie Mwalimu alikuwa amejua nini." Akaenda, upepo unamsukuma mgongoni.

Hapo ndipo niliporudi nikakaa, na tangu jana sijaweza kuinuka vizuri. Maana nimewaza, hata akiipata. Tuseme ni haidrojeni. Tuseme ni lile wingu zito, na magazeti yaandike. Atakuja hapa anakimbia, atanieleza, na mimi nitamwuliza: ndiyo hiyo? Ndiyo hiyo aliyokuwa anacheka? Naye atakuwa na jibu la nyota. Lako hatakuwa nalo. Anaweza akapata lile lile ulilokuwa nalo na tusilitambue, kwa kuwa hakuna wa kutuambia ndilo. Hakuna, Mama. Nimelizungusha jambo hili kila upande tangu jana na halina mlango.

Nimeshindwa na hilo. Nimeshindwa pia na midomo yako ya alasiri ile. Bibi anapiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa anataka nimsimulie ulivyotamka, maana Baba amemwambia sote tulisikia. Mpaka sasa nimekuwa nikimpa simu Baba. Sijui nitafanya nini siku Baba akiwa hayupo.

Baba ndiyo anarudi sasa hivi, nasikia geti. Naingia jikoni kumpakulia.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Mama. Akulegezee udongo wa Kondoa. Kama huko kuna kujua, basi wewe unajua, na inatosha ujue wewe. Mimi siwezi kukuletea kitu, wala kukurudishia mstari wako. Ninaloliweza ni moja, nalo nakuahidi: watakuja kuniuliza ulisema nini, Bibi, Pendo, na watoto wangu nikijaliwa, nami nitawaambia ulichosema. Palipobaki kimya nitapaacha kimya. Sitakutungia neno.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Mwana